Namba ya Simu kwenye Kadi ya Shangazi

Pale ofisini walimwita Mama Usalama, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Wenzake waliuza kadi za safari, zile zinazowekwa pesa za kutumia nje ya nchi, kama watu wanaouza mkate: chukua, lipa, safari njema. Yeye hakukuachia hivihivi. Mteja akishapokea kadi yake na kuinuka, Mama Usalama alimrudisha kitini kwa jicho tu, kisha akaanza. Namba ya siri usiiandike popote, hata nyuma ya picha ya mtoto. Ukiwa kwenye mashine ya kutolea pesa, funika vidole kwa kiganja, wala usione haya. Kadi ya pili, ile ya akiba, usiiweke mfuko mmoja na ya kwanza, maana mwizi hana desturi ya kukubakishia moja. Usiweke pesa zako zote kwa mkupuo. Na zile namba za uthibitisho zinazoingia kwenye simu yako, usimsomee mtu yeyote, awe askari, awe shemeji yako, awe mimi. Hapo kwenye "awe mimi" alijigonga kifuani kwa kidole, na wateja walicheka.

Mwenzake wa dirisha la pili alizoea kumtania kwamba siku akifa ataketi jenezani awaulize waombolezaji kama wamefunika namba zao.

Sasa mtu wa namna hiyo, ukiambiwa kwamba ndiye aliyemfilisi shangazi yake mwenyewe, utasema ni uzushi wa watu wasio na kazi. Naye angetoa chochote uwe uzushi.

Huyo hakuwa shangazi wa kutumiana salamu. Ndiye aliyemlea Mama Usalama na mdogo wake wa kiume tangu wazazi wao walipofariki, akawalisha na kuwasomesha kwa cherehani iliyokaa sebuleni, kati ya kochi na mlango wa jikoni, hata ukitaka kupita ilibidi uinue goti. Alishona sare, mapazia, magauni ya harusi, na kurekebisha suruali za wanaume walionenepa wasikubali. Kazi ile ni ya macho. Kwa hiyo alipoanza kushindwa kutunga uzi kwenye sindano, akaanza kwa kuilaumu sindano, kisha uzi, kisha umeme, mpaka siku aliposhona mkono wa blauzi kwenye shingo ndipo akakubali kwenda kupimwa. Wakamwambia macho yote mawili yanahitaji upasuaji ambao hapa hakuna. Kuna hospitali nje ya nchi: wataanza na jicho moja, likitulia watafanya la pili, na la pili lisicheleweshwe sana, kwani likichelewa litafunga moja kwa moja.

Shangazi akauza kiwanja chake, akaja dirishani kwa mtoto wa kaka yake.

"Nipe hiyo kadi yako unayowahubiria watu," alisema. "Lakini nataka kuweka nusu tu. Nusu ya jicho la pili ibaki benki hapahapa. Nikifika huko nikamkuta daktari mwenyewe ana makengeza, nirudi nyumbani na changu."

Walicheka wote. Kisha Mama Usalama akamshawishi aweke zote. Alimwambia leo bei ya kubadilisha fedha ni nzuri, kesho haijulikani itaamkaje, na hilo lilikuwa kweli. Ambalo hakumwambia ni kwamba ulikuwa mwisho wa mwezi, malengo yake ya mauzo yalikuwa hayajatimia, na pesa ya kiwanja ile ingeyatimiza na kuzidi. Shangazi akamtazama kwa yale macho yake ya ukungu, akasema, "Wewe ndiye unayejua, mama." Akaweka zote.

Wa kumsindikiza alikuwa mdogo wake Mama Usalama. Fundi wa majokofu, mtu mpole, mikono mikubwa, na jina lake la nyumbani ni Sahau. Jina hilo alipewa utotoni baada ya kuacha viatu shuleni mara nyingi kuliko alivyovirudisha, na likamgandia kiasi kwamba hata mkewe hulitumia. Alifunga karakana yake bila kunung'unika. Alisema majokofu ya watu yatasubiri, Shangazi hatasubiri.

Likabaki suala la namba ya simu. Kila kadi lazima iwe na namba ya simu ya mwenyewe, ile inayopokea ujumbe wa uthibitisho. Shangazi hawezi tena kusoma ujumbe. Laini ya Sahau isingefanya kazi huko aendako; angenunua nyingine akifika. Basi Mama Usalama akaandika namba yake mwenyewe, kwa muda tu. Kanuni ya kazi inakataza mfanyakazi kuweka namba yake kwenye kadi ya mteja, tena inakataza kwa herufi nene. Lakini alikwisha wafanyia hivyo wazee wengine wawili watatu waliokuwa wakihangaika na simu zao, wakaenda, wakarudi, wakamletea zawadi. Kwa mtu aliyeizoea kazi, kanuni inakuwa kitu cha kuwasomea wengine.

Sahau hakusahau. Walipofika tu, alituma namba yake mpya. "Dada, badilisha kwenye kadi." Mama Usalama alikuwa na foleni mpaka mlangoni, akajibu atabadilisha. Baadaye Sahau akauliza tena, "Umeshabadilisha?"

"Tayari," akaandika, akiwa na nia ya kweli ya kufanya hivyo mara tu mteja aliye mbele yake aondoke. Akaondoka, akaja mwingine, na baada yake mama mmoja mwenye pasipoti iliyolowa chai. Namba ikabaki ileile.

Jicho la kwanza lilipasuliwa salama. Shangazi alipiga simu akiwa amefungwa bandeji, akijigamba kwamba daktari ni kijana mzuri na hana makengeza hata kidogo.

Asubuhi moja simu nyingine ilipoingia, Mama Usalama alikuwa akiwahudumia bwana na bibi waliokuwa wakienda kumtembelea binti yao. Alikuwa katikati ya mahubiri yake, bwana akisikiliza kwa makini, bibi akitafuta miwani kwenye mkoba. Sauti ilikuwa ya mwanamume, ya kiofisi, iliyochoka kidogo, kama zinavyochoka sauti za watu wa makao makuu. Akataja kitengo cha usalama. Akataja jina kamili la Shangazi na tarakimu za mwisho za kadi yake.

"Kuna mtu anajaribu kuitumia kadi hii sasa hivi," alisema. "Tunamzuia. Namba ya uthibitisho imeingia kwako, nisomee nikamilishe."

Mteja wa kawaida, hasa aliyepitia mikononi mwa Mama Usalama, angeuliza, wewe nani? Lakini yeye hakuwa mteja. Kila siku ya kazi mtu wa makao makuu aliyechoka humpigia, humwomba tarakimu fulani, humshukuru na kukata. Masikio yake yalikuwa yamezoea. Hakumsikia mgeni, alimsikia mwenzake wa kazi aliyetaka kumsaidia Shangazi. Akawaambia wale wazee, "Samahani kidogo," akaishusha simu sikioni, akafungua ujumbe, akairudisha, akazisoma tarakimu moja moja, taratibu, kwa ile sauti safi ya mtu aliyezoea kusoma namba. Yule bwana akasema asante. Mama Usalama akaweka simu chini na kuendelea pale alipoishia.

"Kwa hiyo usimsomee mtu yeyote," alisema. "Awe askari, awe shemeji yako, awe mimi."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali.

Ujumbe wa kwanza uliingia kabla hawajafika mlangoni. Manunuzi yamekamilika. Wa pili ukafuata, wa tatu, simu ikawa inatetemeka juu ya kaunta bila kupumua. Maduka ya simu, maduka ya televisheni, duka la vito, yote ya mtandaoni, yote ya miji ambayo Shangazi hajawahi kuisikia. Aliifunga kadi kwa haraka kiasi kwamba alikosea jina lake mwenyewe la kuingilia kwenye mfumo, akarudia, akaifunga. Alipotazama kilichosalia, kilitosha kununulia maji ya kunywa na mkate.

Mpaka hapo lilikuwa kosa, na kosa la aina ile lina dawa yake. Chumba cha meneja kilikuwa upande wa pili wa ukuta wa vioo. Alimwona kabisa akimenya chungwa. Angeinuka, angeingia, angepasua jipu, na jioni angelala amelia vizuri. Lililofuata halikuwa kosa, tusidanganyane. Alifungua taarifa za Shangazi kwenye mfumo, akafuta namba yake ya simu, akaandika ya Sahau. Vidole vyake havikutetemeka. Baadaye, kila alipokumbuka siku ile, hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwamba vidole vyake vilifanya kazi ile kwa utulivu kama vinavyofanya kazi nyingine yoyote.

Kisha akampigia mdogo wake.

"Sahau, kadi imeguswa."

"Imeguswa vipi? Ninayo hapa mfukoni."

"Pesa zimetoka. Mtu amezitumia mtandaoni. Nimeshaifunga."

Nyuma ya Sahau zilisikika sauti za magurudumu ya kitanda kikisukumwa.

"Zote?"

"Karibu zote."

"Dada, wallahi sijafanya kitu. Nimelipia chumba, nikalipia chakula hapo chini. Na nilifunika namba kwa mkono, kama ulivyosema."

Mama Usalama alikuwa na nafasi ya kusema, najua, si wewe. Maneno yalikuwa pale pale kwenye ulimi. Badala yake ikatoka ile sauti ya dirishani, ya upole na ya kitaalamu, ambayo huwatolea wateja waliopatwa na mambo.

"Hebu jaribu kukumbuka," alisema. "Hukumpa mtu simu yako? Hakuna aliyekupigia akakuomba namba?"

"Sidhani."

"Jaribu kukumbuka."

Siku zilizofuata zilikuwa za adhabu, na ilikuwa haki yake. Dirishani, mahubiri yalimkwama. Alikuwa akifika kwenye ile namba ya uthibitisho, ulimi unakuwa mzito, anamkabidhi mteja kadi na kuita anayefuata. Mama mmoja alirudi kutoka mlangoni, akasimama mbele yake kwa mashaka.

"Niliambiwa wewe hutoa maelezo," alisema yule mama.

"Soma karatasi iliyomo kwenye bahasha."

Mwenzake wa dirisha la pili alimtazama kwa pembeni. "Leo hakuna ibada? Unaumwa?"

"Nimechoka tu."

Alijipigia hesabu zote ambazo mwenye hatia hujipigia. Kwamba akisema atafukuzwa kazi, na kazi ikipotea nani atamsaidia Shangazi? Kwamba Sahau kwa uzembe ameshazoeleka, mzigo ule utamkaa mgongoni kwa muda, kisha watu watausahau. Kwamba atalipa mwenyewe kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara. Hii ya mwisho aliipenda sana mpaka alipokaa chini akagundua kwamba kwa mshahara ule jicho la pili lingelipiwa Shangazi akiwa kaburini. Na daktari hakuwa akisubiri mshahara wa mtu. Hospitali ilikwisha sema: pesa isipopatikana wiki ile, kitanda kitahitajika na mgonjwa mwingine, na Shangazi atarudi nyumbani na jicho moja.

Shangazi mwenyewe alipiga simu. Sauti ilikuwa ndogo, si ile ya kutisha wateja wasiolipa.

"Nilikuwa nasema tangu zamani," alisema. "Huyu aliacha viatu, akaacha mabegi, leo ameacha jicho langu. Sitaki kumwona." Kisha akacheka kwa uchungu, kwa kuwa hata angetaka asingemwona, jicho lililopasuliwa likiwa bado kwenye bandeji. "Wewe ndiye unayeyajua mambo haya, mama. Niambie kweli. Ni yeye?"

"Shangazi, mara nyingi inakuwa ni yule aliye na simu."

Hakusema ni yeye. Alisema mara nyingi. Akaweka simu chini akijiambia kwamba hajadanganya, na hakuna uongo mchafu kuliko ule.

Kisha Sahau akakumbuka.

Alipiga simu wakati wa mapumziko ya mchana, Mama Usalama akiwa kwenye ngazi za nyuma ya ofisi na chakula ambacho hakukifungua. Sahau alikuwa akilia, mwanamume mzima, akivuta makamasi sikioni mwa dada yake.

"Dada, nimekumbuka. Kuna baba mmoja, mkewe amelazwa kitanda cha pili kutoka kwa Shangazi. Simu yake iliisha chaji akaniomba yangu awapigie watoto wake. Nikampa. Akaenda nayo mpaka kwenye dirisha la korido, akawa anaongea amenipa mgongo. Ujumbe wa uthibitisho siuoni kwenye simu, nadhani aliufuta."

Mama Usalama alijua vizuri kwamba baba yule alikuwa akiwapigia watoto wake. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote duniani, isipokuwa yule mwizi. Na bado, Mungu ndiye anayejua kwa nini, akauliza, "Aliongea muda mrefu?"

"Mrefu kidogo."

"Mh," alisema.

Hiyo "mh" ilitosha. Kesho yake Sahau alimsimulia kwamba amemwambia Shangazi, Shangazi akamwambia mke wa yule baba, na ndani ya wodi kukazuka maneno. Yule baba alilia, akaapa kwa watoto wake. Walikuwa wamezoeana, alisema Sahau, walikuwa wakichangia sabuni na kupeana zamu ya kuwalinda wagonjwa ili mwingine akaoge. Sasa mume na mke wameomba wahamishiwe chumba kingine.

"Sura yake haikuwa ya mwizi," alisema Sahau. "Ndiyo maana nikampa. Mimi ni mjinga, Dada."

"Usiseme hivyo."

"Ni mjinga. Wewe ulituambia kila kitu."

Makao makuu yalimtuma bibi wa madai, yaani yule anayeamua kama kampuni inamrudishia mteja pesa yake au la. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ikining'inia kwa mnyororo shingoni, mpole, asiye na haraka. Walikaa chumbani kwa meneja, watu watatu na simu katikati ya meza, spika imewashwa. Mama Usalama aliitwa kama muuzaji wa kadi na kama ndugu. Meneja alikuwa amemletea glasi ya maji bila kuombwa, na wema huo ulimchoma.

Sahau ndiye aliyepiga, yuko kwenye korido ya hospitali, Shangazi ameketi hatua chache kutoka kwake.

"Bwana," alisema bibi wa madai, "nitakuuliza jambo moja tu. Namba ya uthibitisho ilitumwa, ikatumika sawasawa. Kama mwenye kadi au msaidizi wake ndiye aliyeitoa, kampuni hairudishi pesa. Kama kosa limetoka kwetu, tunarudisha yote. Namba ya simu iliyopo kwenye kadi ni ya kwako. Je, ile ya uthibitisho uliitoa wewe?"

"Ndiyo," alisema Sahau. Hakusita. Ilionekana amejizoeza. "Ni mimi. Nilimwazima mtu nisiyemjua simu yangu. Msimlaumu Shangazi, yeye haoni. Wala dada yangu msimguse. Dada alituonya yote, neno kwa neno. Mimi ndiye niliyekosa kusikia."

Bibi wa madai alivaa miwani, akaandika, akavua.

"Nakushukuru kwa kusema ukweli," alisema. "Wengi hawasemi. Lakini kwa maelezo haya, pesa haitarudi. Nasikitika."

"Naelewa," alisema Sahau.

Meneja aliinamisha kichwa kwa heshima, kama watu wafanyavyo penye msiba. Akamgusa Mama Usalama begani. "Pole. Angalau wewe ulifanya kazi yako."

Ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyekuwa akimuuliza kitu. Kilichobaki kwake kilikuwa kunywa maji, kujifuta pua na kukubali pole. Jicho la Shangazi lingefunga huko huko, na dhambi ingezikwa kwa jina la Sahau, ambaye mwenyewe alikuwa ameshachimba kaburi na kuingia. Bibi wa madai alianza kufunga mkoba wake. Mama Usalama akasikia zipu ile ikitembea, akahisi kwamba ikifika mwisho hataweza tena kufungua mdomo maisha yake yote.

"Usifunge," alisema.

"Nini?"

"Hiyo namba haikwenda kwake." Sauti yake ilikuwa nyembamba na mbaya. "Tazameni kwenye mfumo namba ya simu ilibadilishwa lini. Ilibadilishwa baada ya wizi, si kabla. Niliibadilisha mimi. Mpaka asubuhi ile iliyokuwepo ilikuwa yangu. Walinipigia mimi. Nikawasomea mimi, pale dirishani, kuna wateja mbele yangu."

Meneja alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyeelewa, kisha kikamfia mdomoni. Bibi wa madai aliifungua kompyuta ya meneja bila kuomba ruhusa, akatazama, akashusha pumzi.

"Unajua unachokisema?"

"Najua."

"Basi kosa ni la kampuni."

"Ni langu."

"Lako, ukiwa dirishani kwetu, saa za kazi. Kwa mteja hilo ni kosa letu. Atarudishiwa, na hospitali nitaiandikia mwenyewe leo." Alisema hivyo kwa upole uleule, na kwa upole uleule akaongeza, "Wewe hutarudi pale dirishani."

Meneja alinyoosha kiganja juu ya meza bila kumtazama, na Mama Usalama akaweka humo funguo za droo. Ajabu ni kwamba hakusikia maumivu. Alikuwa amejitayarishia pigo hili siku zote hizo, na sasa limempata akaona ni dogo.

Ndipo simu ikasema.

"Dada."

Hakuna aliyekumbuka kuikata. Alikuwa amesikia yote.

"Naam, Sahau."

"Ulikuwa ukiniambia nijaribu kukumbuka."

"Ndiyo."

"Nikakukumbukia." Hakuwa akifoka, laiti angefoka. "Yule baba nimemwita mwizi mbele ya mkewe mgonjwa. Ulikuwa unajua, nawe ukaniuliza kama aliongea muda mrefu."

Kutoka mbali ikasikika sauti ya Shangazi ikiuliza ni nini, wamesemaje, mbona umenyamaza.

"Namkabidhi simu," alisema Sahau. "Mwambie mwenyewe. Mimi sikusemei."

Akamwambia. Alimwambia mbele ya meneja na bibi wa madai, bila kupamba: namba, lile neno "tayari" aliloliandika kabla ya kutenda, ile asubuhi, vidole vyake vikibadilisha, ile "mara nyingi" yake. Hata malengo ya mwezi alimwambia, ambayo hakuna aliyeyauliza. Shangazi hakumkatiza. Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kukuacha umalize sentensi, alimwacha amalize zote.

"Pesa zinarudi, Shangazi," alisema mwishoni, akiharakisha. "Zote. Jicho la pili litapasuliwa, wamesema wataandika leo."

"Sijakuuliza jicho."

Mama Usalama akaisogelea simu.

"Unajua tangu siku ile sijamruhusu anishike?" alisema Shangazi. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Naenda chooni nikipapasa ukuta. Jana niligonga kiti cha magurudumu, nikaanguka magoti. Yeye yuko nyuma yangu, nasikia viatu vyake, anakuja kuniinua, nami namwambia toa mikono yako. Mbele ya watu. Mikono iliyonibeba siku ya upasuaji, nimeiambia usiniguse."

"Shangazi, nisamehe."

Ilisikika simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu, pengine kiti, pengine ukingo wa dirisha. Kisha sauti yake ikatoka mbali kidogo, haikuwa ikimwambia yeye tena.

"Uko wapi?" ilisema. "Umeenda wapi wewe? Njoo. Njoo unishike, twende kwa yule baba, nikamwombe radhi. Chumba chao unakijua?"

"Nakijua," alisema Sahau.

Bibi wa madai alinyoosha mkono kukata simu. Mama Usalama akamwomba asubiri kidogo, naye akasubiri. Walisikia viatu, taratibu, jozi mbili, zikiondoka kwenye korido ile, na Sahau akisema hapa kuna ngazi, Shangazi, inua mguu. Baadaye walisikia watu wengine tu wakipita. Mama Usalama aliendelea kusikiliza mpaka salio la Sahau lilipokwisha, na laini ikakatika yenyewe.